Nani Aliyeuokoa Mguu wa Bi Mwantumu

Haya, jisogezeni. Anayemenya viazi amenye huku anasikiliza, mwenye mtoto amnyonyeshe mapema asije akatukatiza katikati. Nawasimulia jambo la huku huku milimani kwetu, na mwisho wake nitawauliza swali. Msije mkanitolea macho mkasema shangazi hukutuambia kuna swali. Nimeshawaambia.

Pale hospitali ya Kwemhilu, wodi ya wanawake, walikuwepo manesi watatu wa zamu ya mchana.

Wa kwanza ni Nakijwa, Mpare wa Usangi, mwembamba, mkimya. Huyo Mungu alimpa macho. Anaingia kwako mara moja tu, akitoka anajua kikombe kipi kina ufa na mtoto yupi hajala. Mfagiaji wa wodi alikuwa na mimba, Nakijwa akaiona kabla mwenye mimba hajajijua. Huyo mfagiaji ni shoga yangu, ndiye aliyenipa nusu ya maneno haya. Nusu nyingine nimepewa na mwenye mguu mwenyewe. Kwa hiyo hapa situngi, naongeza chumvi tu pale panapohitaji.

Wa pili ni Bupe, Mnyakyusa, mwili wake wa kutosha na sauti yake ya kutosha. Huyo Mungu alimpa ulimi. Anakukuta umenuna, anakaa pembeni ya kitanda, anakuuliza kidogo hivi, kidogo vile, baada ya dakika tano umeshamwambia mpaka ugomvi wako na wifi yako wa mwaka juzi. Hata mimi ananizidi, na nyie mnanijua.

Wa tatu ni Mwajabu, mtu wa Handeni, mtu mzima, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Huyo hakupewa macho wala ulimi. Alipewa kurudi. Akikwambia nakuja, anakuja. Ukiazima kwake sindano ya kushonea nguo, atarudi kuiulizia leo, kesho na keshokutwa, mpaka unajuta kwa nini hukuvaa nguo yako iliyochanika hivyo hivyo. Wenzake walimwita Kengele.

Sasa ikaletwa semina. Mkufunzi alitoka mkoani, kijana mwenye miwani, akawakalisha manesi siku tatu kwenye chumba cha chakula, soda na maandazi juu. Semina yenyewe eti ya maumivu. Niliposikia nilicheka nikakaa chini. Nikamwambia shoga yangu, manesi wanafundishwa maumivu? Mie nimezaa saba, si wangeniita niwafundishe bure, nile na maandazi.

Lakini kumbe yule kijana alikuwa na maneno. Aliwaambia, miaka yote mgonjwa akilia mnamwambia ajikaze, mtu mzima halii. Sasa basi. Maumivu yanapimwa, kama joto linavyopimwa. Muulizeni mgonjwa, kati ya sifuri na kumi, sifuri huumwi kabisa, kumi ni maumivu yasiyovumilika, wewe uko wapi? Namba atakayosema ndiyo mnayoandika. Msimbishie, kwa sababu mwili ni wake. Na mtazameni, maana wako wasioweza kusema. Na mkishampa dawa msikae mkaona mmemaliza. Baada ya nusu saa rudini mkamuulize tena, maana kutoa dawa ni jambo moja na dawa kufanya kazi ni jambo lingine.

Akawagawia na kadi zenye sura za kuchora, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia. Kuna bibi mmoja wa wodi ile alionyeshwa kadi akauliza, "Hawa ni watoto wa nani?" Wakamwelewesha. Akasema, "Basi mimi ni huyu wa katikati, lakini mie siyo mwanaume."

Haya. Semina ikaisha Ijumaa, mkufunzi akaondoka. Jumanne iliyofuata akaletwa Bi Mwantumu.

Bi Mwantumu ni jirani yangu, nyumba yake iko juu ya kwangu. Ni mjane. Ana shamba la kabichi na karoti limesimama kama ukuta, ukilima juu jasho linadondokea kwa aliye chini. Huko hakufiki pikipiki, hakufiki punda. Kunafika miguu. Maji anafuata kwa miguu, kuni kwa miguu, mazao anashusha barabarani kwa miguu. Kwa hiyo nikisema mguu wa Bi Mwantumu, nisikilizeni vizuri, nasema maisha ya Bi Mwantumu.

Asubuhi ile ilikuwa imenyesha. Akashuka na mzigo wa kabichi kichwani, akateleza, kabichi zikaenda zake bondeni na yeye akaenda zake kwenye mawe. Mfupa wa muundi ukavunjika. Anaye mtoto mmoja tu, Sauda, na Sauda alikuwa na mimba ya miezi minane, mwenyewe anatembea kama bata. Hawezi kushuka. Basi aliyemshusha ni mume wa Sauda, Shekiondo, yeye na vijana watatu, wakambeba kwa machela ya miti mpaka hospitali. Wale vijana wakarudi shambani. Shekiondo akabaki, maana pale hospitali kila mgonjwa lazima awe na ndugu wa kumlisha na kumsogezea vitu.

Hapo sasa. Nyie mnajua mambo ya mkwe kwetu. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Hawasemeshani ovyo. Mama mkwe hataji mwili wake mbele ya mkwe, hasemi tumbo linauma, hasemi mguu, wala hagumii. Akigumia mbele ya mkwe ameivua heshima ya mwanawe. Bi Mwantumu ni mtu wa mila mpaka kwenye kucha. Na Shekiondo ni kijana mwenye adabu, hajapata kumuona mama mkwe wake kichwa wazi tangu amuoe Sauda, na huyu aliye tumboni ni wa sita.

Sasa fikiria mtu huyo ndiye anamlisha uji. Alikuwa anageuza uso dirishani, mkono unakwenda nyuma na kijiko, kijiko kinafika sikioni. Bi Mwantumu naye kafumba macho, kafungua mdomo, anautafuta uji hewani. Shoga yangu alikuwa anapiga deki, aliacha dekio akatoka nje kucheka. Mimi aliponisimulia nilishika ukuta.

Saa nne asubuhi daktari alimvuta mfupa akamfunga hogo, lile gamba jeupe gumu, kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti. Akaandika dawa za maumivu, vidonge, na sindano kali kama vidonge havitoshi. Akawaambia manesi muangalieni. Daktari ni mmoja hospitali nzima, akaenda chumba cha upasuaji, ana watu wanamsubiri.

Sasa niachieni niende polepole, maana hapa ndipo penye swali.

Saa sita Bupe alikuja na karatasi yake. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, mguu unauma? Kati ya sifuri na kumi, uko wapi?"

Shekiondo amekaa pale kwenye stuli, anaangalia dirishani. Bi Mwantumu akasema, "Mbili."

Bupe akaandika mbili. Saa saba akapita tena, akauliza tena, mkwe yuko pale pale. "Mbili, mwanangu." Akaandika mbili. Mtu wa mbili hapewi sindano kali, anapewa vidonge viwili. Akapewa vidonge viwili. Kila kitu kama walivyofundishwa. Namba ya mgonjwa, msimbishie.

Saa nane akapita Nakijwa, anabadilisha shuka. Yeye hakuuliza kitu, alikuwa anafanya kazi yake. Lakini macho yake hayalali. Akaona Bi Mwantumu ameweka pindo la kanga mdomoni, na lile pindo limetoboka matundu, limetafunwa. Akaona jasho juu ya mdomo, na siku ile milimani ilikuwa baridi mpaka manesi wamevaa sweta. Akaona mkono wa kushoto umeshika chuma cha kitanda, vifundo vimekuwa vyeupe. Akaangalia karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Mbili. Mbili. Akarudi kuangalia uso. Akatoka taratibu akamfuata Bupe kwenye meza yao.

"Dada Bupe, yule bibi wa hogo umemwandikia mbili?"

"Amesema mbili."

"Yule si mtu wa mbili."

"Nakijwa, tumefundishwa tusimbishie mgonjwa. Mwili ni wake."

"Sijambishia. Sijasema naye hata neno. Nakwambia ametafuna kanga mpaka imetoboka. Mtu hatafuni kanga kwa mbili."

Hayo ndiyo aliyofanya Nakijwa. Kama asingeona, Bi Mwantumu angeendelea kuwa mbili mpaka jioni, na karatasi ingekuwa nzuri kabisa, imejazwa yote, na mguu unakufa ndani ya gamba.

Bupe akanyanyuka, akaenda akasimama mlangoni mwa wodi. Hakuingia. Akaangalia kitanda, akamwangalia Shekiondo na uso wake dirishani, akamwangalia bibi aliyefumba macho. Na Bupe kwao Tukuyu, mambo ya wakwe kule ni makali kuliko hata huku kwetu. Kule mke wa mtu akikutana na baba mkwe wake njiani anaingia porini. Akajipiga paja. Akasema kimya kimya, "Mie mjinga. Nimemuuliza mtu mwili wake mbele ya mkwe wake, mara mbili."

Akaingia, mchangamfu kama anakwenda harusini. "Baba, samahani, nakuomba utusaidie. Kuna fomu ya huyu mama inatakiwa ipelekwe dirisha la mapokezi, ukae pale mpaka waigonge muhuri. Foleni ni ndefu kidogo, nisamehe."

Shekiondo alinyanyuka haraka, shoga yangu anasema kama mtu aliyefunguliwa kamba. Naye alikuwa anateseka, masikini. Akaenda na fomu. Fomu yenyewe ilikuwa haina haja ya muhuri wowote. Yule wa mapokezi aliigonga hivyo hivyo, watu wa mihuri hawaulizi.

Bupe akavuta pazia, akakaa kitandani. Hakutaja namba. Akaanza na Sauda, mimba ina hali gani, akaja kwa kabichi, zimeokotwa au zimeliwa na mbuzi, akaja kwa mkwe, akasema, "Una mkwe mzuri bibi. Lakini ameshakwenda, na foleni ni ndefu. Tuko wanawake watupu hapa. Niambie."

Bi Mwantumu akalitoa lile pindo mdomoni. Akasema, "Mwanangu, ni tisa. Kumi nimeiacha kwa ajili ya kuzaa." Halafu akalia, lakini bila sauti. Akamwambia na pale panapouma. Siyo kwenye mfupa uliovunjika. Ni nyuma, kwenye nyama ya mguu, panabanwa kama nguo inayokamuliwa.

Bupe akaandika tisa. Akachoma ile sindano kali ambayo daktari alishaiandika. Akamfunika, akampangusa jasho. Bi Mwantumu akafumba macho, akatulia, mkono ukaachia chuma.

Hayo ndiyo aliyofanya Bupe. Kama asingemtoa mkwe, ungemuuliza Bi Mwantumu mpaka kesho angesema mbili, hata ungemkata kwa msumeno angesema mbili na nusu.

Basi manesi wakaona wamemaliza. Kusema kweli hata mimi ningeona nimemaliza. Mgonjwa alikuwa anaumwa, amesema, amepewa sindano, ametulia. Bupe akaenda kula, alikuwa hajaweka kitu tumboni tangu asubuhi. Nakijwa akaitwa wodi ya wazazi kusaidia. Pale wodini akabaki Mwajabu na saa yake ya mkononi.

Nusu saa ikafika. Mwajabu akaacha alichokuwa anafanya, akaenda kitanda cha Bi Mwantumu. Nesi mmoja mdogo wa mafunzo akamwambia, "Shangazi, mwache, amelala huyo. Sindano imemshika."

Mwajabu akamjibu, "Sijaambiwa nirudi kama hajalala. Nimeambiwa nirudi."

Akamgusa bega. "Bibi. Samahani nakuamsha. Tulikupa dawa. Sasa ni ngapi?"

Kumbe Bi Mwantumu hakulala. Alikuwa ametulia kama mtu aliyechoka kuita. Akasema, "Tisa."

"Haikushuka hata moja?"

"Tisa, mwanangu. Mlichoma maji?"

Mwajabu akafunua shuka. Akashika vidole vya mguu vinavyochungulia kwenye hogo. Vimevimba, vimepauka, baridi kama vya mtu aliyetoka mtoni. Akakinyoosha kidole gumba taratibu tu. Bi Mwantumu, yule wa mila, yule wa mbili, akapiga kelele wodi nzima ikageuka. Na mkwe alikuwa ndiyo anaingia na fomu yake. Akasikia. Akageuka pale pale akatoka nje, akakaa chini kwenye sakafu ya korido.

Mwajabu ana miaka thelathini kazini. Aliwahi kuona hogo lililobana, damu haishuki, nyama inavimba ndani na gamba haliachii. Lakini mwenyewe anasema, asingekuwa na ile tisa ya kwanza iliyoandikwa, na sindano kali iliyoandikwa na saa yake, asingejua. Maumivu ambayo dawa kali haiyagusi ndiyo yaliyomwambia. Akakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, na magoti yake, alikimbia mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akagonga mpaka wakafungua.

Daktari alitoka na nguo za kijani hivyo hivyo. Alikuwa ameshafunga mgonjwa wake mshono wa mwisho. Akatazama mguu, akashika vidole, akasoma karatasi. Akaita msumeno wa hogo, akalipasua lile gamba urefu wote, juu mpaka chini, akakata na pamba ya ndani mpaka ngozi ikaonekana. Mguu ukafumuka kama unga uliowekewa hamira. Vidole vikaanza kurudi rangi. Mwajabu akangoja nusu saa nyingine, akamuuliza tena. "Nne," akasema Bi Mwantumu. Na safari hii akalala usingizi wa kweli, anakoroma.

Daktari aliwaambia manesi wote watatu, pale pale, saa kumi ya jioni: hili lingechelewa mpaka nimalize kazi yangu nije kupitia wagonjwa, mguu huu tungeukata.

Hayo ndiyo aliyofanya Mwajabu. Kama asingerudi, Bi Mwantumu angekuwa ametulia vile vile, kimya, ameshachomwa sindano, hakuna tena wa kumuuliza, na mguu unaoza.

Mmenielewa mpaka hapo? Haya, sasa njooni kwenye kasheshe.

Wiki ya nne Bi Mwantumu akiwa amesharudi nyumbani, ana hogo jipya na magongo, Sauda akajifungua. Mtoto wa kike, mnene, mwenye kelele ambazo baba yake hana. Kwenye ukoo ule mtoto wa kike anapewa jina na bibi mzaa mama, wala hapana wa kumuingilia. Bi Mwantumu akatuma ujumbe hospitali. Siku ya saba mje wote watatu, ninampa mtoto jina la yule aliyeniokolea mguu.

Wakaja. Walipanda mlima ule na viatu vya mjini, Bupe alifika anahema kama treni. Tulikuwa tumejaa uwanja mzima, pilau iko motoni, mwalimu wa madrasa ameshika mtoto anangoja kuambiwa jina alitamke, kinyozi anangoja na wembe, na mtoto mwenyewe anangoja ziwa. Bi Mwantumu kakaa kwenye kiti, mguu kaunyoosha mbele kama mali.

Akasema, "Haya wanangu. Ni nani kati yenu?"

Wakaangaliana. Nakijwa akasema, "Bibi, tulifanya kazi tu."

"Kazi walifanya wengi. Mguu huu mmoja. Nani?"

Mwanzo walikuwa wanasukumiana kwa adabu, huyu anasema ni yule, yule anasema ni huyu. Mie nikaona hii adabu itachelewesha pilau. Nikachomekea kidogo tu, nikasema, "Lakini Bupe ndiye aliyeandika mbili, tena mara mbili." Mungu anisamehe, ndivyo nilivyo.

Bupe akageuka. "Ndiyo niliandika mbili. Na tisa aliandika nani? Bila tisa yangu kulikuwa hakuna sindano, na bila sindano kulikuwa hakuna cha kurudia. Huyo Mwajabu angerudia nini?"

Nakijwa, yule mkimya, akasema, "Tisa uliifuata kwa sababu nilikwambia."

"Uliniambia saa nane. Mfagiaji anasema ulipita pale na saa saba na nusu, unagawa vikombe. Kanga haikutafunwa?"

Nakijwa akainama. Akasema ilitafunwa. Akasema aliona, akaogopa kwenda kinyume na karatasi iliyoandikwa na mkubwa wake, akazunguka nusu saa na jambo moyoni. Alisema ukweli, na watu wakampenda zaidi kwa kusema.

Mwajabu akasema, "Mie sina la kudai. Nilifuata karatasi ya semina, neno kwa neno."

"Si ndiyo hapo," akasema Bupe. "Karatasi tulipewa wote. Yeyote angefuata."

"Yeyote alikuwa anakula wali na maharage," akasema Mwajabu, taratibu, bila hata kumtazama.

Tulicheka, mwalimu wa madrasa akamkabidhi mtu mtoto ili apate kucheka vizuri. Hata Bupe alicheka, akampiga Mwajabu begani.

Halafu uwanja ukagawanyika. Wanawake wa upande wa jikoni wakasema ni Nakijwa, maana asiyeona hana cha kuuliza wala cha kurudia, na kuona kinyume na karatasi ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Upande wa wakwe wakasema ni Bupe, ndiye pekee aliyejua kosa lake na akalirekebisha, na ndiye aliyeijua mila, wale wengine wangempa mgonjwa kadi ya vikatuni. Wazee wa kiume wakasema ni Mwajabu, kwa sababu wawili wa kwanza waliupata ukweli lakini mguu ulikuwa bado unakufa. Aliyeleta msumeno ni nani?

Mmoja akasema apewe daktari. Bi Mwantumu akasema daktari ameshapelekewa jogoo, na tena huyu ni mtoto wa kike. Mwingine akasema apewe mkufunzi wa semina. Lakini hakuna aliyekuwa anamkumbuka jina.

Mimi nikasema, kwani shida nini, mpeni majina yote matatu. Bi Mwantumu akanitazama akasema, "Mwanamke anayeitwa majina matatu haitiki hata moja." Nikasema basi hawa wengine wasubiri watoto wanaokuja. Sauda akasema kutoka ndani, tena kwa sauti, "Hakuna wanaokuja. Mimi nimefunga kizazi."

Wakamuuliza Shekiondo. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, maana mama mkwe yuko uwanjani. Akajibu kutoka huko huko, "Mwambieni mama kwamba mimi niliyekaa pale kwenye stuli siku nzima sina haki ya kuchagua." Na kweli, yeye alikwenda pale kwa wema, na ndiye aliyekuwa anamziba mama mkwe mdomo.

Bi Mwantumu akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akausogeza kivulini. Akawatazama wale wanawake watatu, mmoja mmoja, muda mrefu. Kisha akasema, "Nilipokuwa kitandani niliwajua mmoja mmoja. Huyu nilimwona ananitazama nikajua ameniona, nikapata nguvu. Huyu alinitolea aibu yangu nje kwa fomu ya uongo. Huyu aliniamsha nikamchukia. Sasa mnaniambia nichague. Nimekaa na hili siku saba na sijui. Jina ni moja na pilau inaungua. Nisemeeni nyie."

Mwalimu akamnyanyua mtoto, akasogeza mdomo kwenye sikio lake, akangoja.

Haya, weka hicho kisu chini, acha kiazi. Na wewe huko nyuma unayejifanya umesinzia, nakuona. Mtoto yuko mikononi, na sikio lake liko wazi. Aliyeona, aliyemfanya aseme, au aliyerudi? Ungekuwa wewe ndiye Bi Mwantumu, mtoto huyu ungemwita nani?